Kitufe cha Power Kimepotea: Kutafuta Hitilafu za Saketi na Waya Ndani ya Revit

Umeshapanga taa zote za ghorofa ya kwanza ndani ya Revit, programu ya kuchora modeli za majengo. DB (sanduku la kugawia umeme) imekaa ukutani pale karibu na ngazi, na sasa unachagua taa sita za korido uzifunge kwenye saketi moja. Unatazama utepe wa juu: kitufe cha "Power" hakipo. Au kipo, unakibonyeza, saketi inazaliwa, lakini ukifungua orodha ya paneli (ndiyo DB kwa lugha ya Revit) unakuta "None" peke yake. DB iko hatua tatu kutoka kwenye taa. Wewe unaiona. Programu haiioni.

Nimepoteza usiku mwingi kwenye jambo hili kabla sijaelewa kwamba Revit haijali taa iko karibu na DB kiasi gani, wala umeipa jina gani. Inachoangalia ni namba: volti, idadi ya poli, na mfumo wa usambazaji. Ni kama posa. Vijana wanaweza kusimama bega kwa bega, lakini kama wazee wa pande mbili hawajaafikiana, hakuna ndoa. Kwa hiyo karibu kila hitilafu ya hapa chini inaishia kwenye swali moja: namba ipi haijapatana na nyingine, na imeandikwa wapi?

Majina ya vitufe nimeyaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini, maana ndivyo utakavyoyatafuta.

Vipimo vitatu kabla ya kugusa chochote

Bonyeza F9. Inafunguka System Browser, na ukiiweka kwenye mifumo ya umeme utaona folda ya "Unassigned". Kila kifaa chenye kiunganishi cha umeme (sehemu inayobeba volti, poli na mzigo wake) ambacho hakijapata saketi kimelala humo. Kama taa unayohangaika nayo haimo humo na haimo chini ya DB yoyote, basi kwa upande wa umeme haipo kabisa: ni picha ya taa.

Pili, peleka kishale juu ya kifaa, usibofye, gusa Tab mara moja au mbili. Kama kuna saketi, mistari ya vitone itajichora kuonyesha vifaa wenzake. Mistari ikifika hadi DB, saketi imekamilika. Ikiishia kwenye taa tu, saketi ipo lakini haina paneli.

Tatu, kwenye kichupo cha Analyze kuna "Check Circuits". Itakutolea maonyo mengi, na kwenye mradi ambao haujakamilika mengi yake hayana haja. Yasome hata hivyo, kwa sababu onyo la volti au la kiunganishi kisicho na saketi huwa linasema ukweli.

Kitufe cha Power hakionekani

Chagua kifaa kimoja tu. Si sita, kimoja. Kama kitufe kinatokea ukichagua kimoja na kinapotea ukichagua sita, vifaa vyako havilingani: kimoja kina volti 120 na vingine 230, au kimoja kina poli 3. Saketi moja haiwezi kubeba volti mbili, kwa hiyo programu inaondoa kitufe kimyakimya bila kukuambia kwa nini. Punguza uteuzi kimoja kimoja hadi umpate mkaidi.

Kama hakitokei hata kwa kimoja, angalia kwanza kama utepe unakuonyesha kichupo cha "Electrical Circuits". Hicho kikiwepo, kifaa tayari kiko kwenye saketi nyingine, pengine uliifunga wiki iliyopita ukasahau. Kiondoe huko kwanza.

Kama hakuna hata hicho, fungua familia yenyewe (faili la Revit lenye umbo na sifa za kifaa) kwa "Edit Family" utafute kiunganishi. Familia nyingi za bure za mtandaoni zimetengenezwa na wasanifu wa ndani waliotaka taa nzuri kwenye picha. Mwanga unatoka, kivuli kinaanguka, lakini kiunganishi cha umeme hakuna. Kiongeze: Create, kisha Electrical Connector, kibandike kwenye uso wa taa, mfumo uwe Power, poli 1, volti 230. Angalia pia isije ikawa familia iliyomezwa ndani ya familia nyingine. Taa iliyofichwa ndani ya kabati la jikoni bila kuwekewa alama ya "Shared" haitoi kiunganishi chake nje, hata kama ndani kipo.

Sababu ya mwisho huwakuta sana wanaoanza: taa si zako. Ziko kwenye faili la msanifu majengo ulilounganisha kama kiungo. Unaweza kuzichagua kwa Tab, unaweza kuzisoma sifa zake, lakini kuzifunga saketi huwezi. Kwa taa kuna njia ya Copy/Monitor, inayoleta nakala kwenye faili lako na kukuonya msanifu akizihamisha. Soketi mimi huziweka mwenyewe. Msanifu huweka soketi nyuma ya kitanda kwa sababu ya picha, nami nataka iwe pale mkono unapofika.

Saketi imezaliwa, orodha ya DB ni tupu

Hapa ndipo watu wengi wanapokwama, kwa hiyo tutakaa.

Kiolezo cha Kimarekani, yaani faili la kuanzia mradi, kinakuja na mifumo ya usambazaji yao: 120/208 Wye (muunganisho wa nyota), 120/240 Single, 480/277 Wye. Hakuna hata mmoja unaofanana na umeme unaoingia nyumba ya Mwanza au Mombasa. Tanzania tuna 230 kati ya fezi na nyutro, 400 kati ya fezi na fezi. Kenya wanaandika 240 na 415. Ukianza mradi kwenye kiolezo hicho halafu ukaweka soketi ya volti 230, hakuna DB kwenye faili zima itakayoweza kuipokea, na Revit haitakuambia hivyo. Itakupa orodha tupu.

Fungua Electrical Settings kwenye Manage, chini ya MEP Settings, na ufuate mpangilio huu, kwa sababu kila hatua inategemea ya nyuma yake.

Kwanza Voltage Definitions. Weka 230, kiwango cha chini 220, cha juu 250. Weka 400, chini 380, juu 415. Viwango hivyo ndivyo vinavyoruhusu familia iliyoandikwa 240 na mtengenezaji wa Uingereza ikubaliwe na mfumo wa 230. Ukiandika 230 hadi 230 pande zote mbili, familia ya 240 itabaki nje mlangoni. Kama kiolezo tayari kina 240 ya Kimarekani inayoshika eneo hilohilo, ihariri hiyo badala ya kuweka mpya juu yake.

Kisha Distribution Systems. Tengeneza miwili. Wa kwanza wa fezi tatu: Three, Wye, waya 4, L-L (fezi kwa fezi) iwe 400, L-G (fezi kwa ardhi, kwetu fezi kwa nyutro) iwe 230. Wa pili wa fezi moja: Single, waya 2, L-G iwe 230, na L-L uiache "None". Hiyo "None" wengi huiogopa, wanaijaza 230 ili kisanduku kisibaki wazi. Usijaze. Nyumba ya fezi moja haina fezi ya pili ya kupimia.

Sasa rudi kwenye DB yenyewe. Ichague, tafuta sifa ya "Distribution System". Kama iko tupu, chagua mfumo. Wengi huponea hapa, maana waliweka DB ukutani na hawakuipa mfumo, na DB isiyo na mfumo haiorodheshwi.

Lakini itakuwaje kama orodha ya mifumo kwenye DB nayo haina mfumo ulioutengeneza? Basi kiunganishi cha DB ndicho kibishi. Kwa DB ya fezi tatu kinatakiwa kiwe poli 3, volti 400. Kwa ya fezi moja, poli 1, volti 230. DB ya Kimarekani iliyobaki na 208 haitauona mfumo wa 400 milele. Ukiwa humo kwenye familia, hakikisha iko kundi la Electrical Equipment na "Part Type" yake ni Panelboard. Nimewahi kupewa DB nzuri kabisa, ina mlango, ina hadi kitasa, lakini iliundwa kama Generic Model. Ilikuwa sanduku.

Kuna mtego mmoja ambao nauona mara nyingi na ambao hauandikwi vya kutosha. Kiyoyozi, hita ya maji, jiko: mafundi wetu huvifungia swichi ya DP, ile inayokata fezi na nyutro kwa pamoja. Mtu akitengeneza familia ya kiyoyozi anafikiri, DP ni poli mbili, basi anaandika poli 2, volti 230. Kwa Revit poli hesabu yake ni ya fezi peke yake. Poli 2 maana yake umeme unatoka fezi mbili, na inatafuta mfumo ambao kati ya fezi na fezi kuna 230. Kwenye 230/400 haupo. Kiyoyozi kinabaki yatima, na mhandisi anailaumu DB. Kiandike poli 1, kisha uonyeshe DP kwenye alama ya mchoro au kwenye maelezo.

Ukishayapanga haya yote kwenye faili moja, usiyaandike tena mradi ujao. Manage ina "Transfer Project Standards"; hamisha volti, mifumo na mipangilio ya umeme kwa mkupuo. Au uhifadhi kama kiolezo chako.

Nimechora waya, jedwali la DB halina kitu

Kuchora waya si kutengeneza saketi. Waya wa Revit ni mchoro wa karatasi: unaonekana kwenye plani uliyouchorea, hauonekani kwenye mwonekano wa pande tatu, na ukiufuta hakuna taa inayozimika. Unaweza kuchora waya kutoka taa hadi taa hadi DB, ukapendeza, na bado kila kifaa kikawa kwenye "Unassigned". Tengeneza saketi kwanza, uipe paneli, kisha ichague saketi yenyewe. Vitatokea vialama viwili vidogo karibu na vifaa, kimoja cha waya wa upinde na kingine cha waya wa kona. Bofya kimoja, na waya zitajichora zikijua ni za saketi ipi.

Hali ya kinyume pia ipo: saketi iko sawa, waya hazionekani. Angalia Visibility/Graphics kama "Wires" imezimwa, kisha angalia kiolezo cha mwonekano, kwa sababu kikishaizima hutaweza kuiwasha hadi uingie humo. Na vile vistari vya kuhesabia waya vikikosekana, vina mpangilio wake kwenye Electrical Settings, sehemu ya Wiring.

Swichi haikubali taa

Swichi na saketi ni vitu viwili tofauti humu. Unaweza kuwa na taa iliyo kwenye saketi bila swichi, au iliyo na swichi bila saketi. Chagua taa, bonyeza kitufe cha "Switch", kisha "Select Switch". Kama swichi haichaguliki, iko kundi lisilo lake. Inatakiwa iwe Lighting Devices, lakini familia nyingi zimeiweka Electrical Fixtures pamoja na soketi. Badilisha kundi ndani ya familia, ipakie upya.

Taa za ngazini zenye swichi mbili, chini na juu, zinasumbua kwa sababu taa moja inakubali mfumo mmoja tu wa swichi. Hakuna dawa safi. Mimi huifunga taa kwenye swichi ya chini, kisha naipa swichi ya juu "Switch ID" ileile kwa mkono na kuweka alama ya njia mbili kwenye plani. Fundi anasoma plani, hasomi kumbukumbu za ndani ya faili.

Mzigo ni sifuri, au waya ni mnene kupita kiasi

Saketi imekamilika, DB ina jina, lakini jedwali linasema 0 VA (volti-ampia). Familia ina sehemu ya wati, umejaza 40, na bado sifuri. Wati hizo hazijaunganishwa na kiunganishi. Fungua familia, chagua kiunganishi, nenda kwenye "Apparent Load", bofya kitufe kidogo cha pembeni na ukifunge kwenye kipimo cha mzigo cha familia. Kumbuka kiunganishi kinataka VA. Taa 12 za wati 40 ni wati 480. Kwa kipengele cha nguvu (power factor) cha 0.9 zinakuwa takriban VA 533, yaani ampia 2.3 kwa volti 230.

Kama mzigo upo lakini mahitaji ya jumla ya DB ni makubwa ajabu, angalia aina ya mzigo. Kiunganishi ambacho hakikupewa aina huanguka kwenye "Other" na kuhesabiwa chote, asilimia 100, kana kwamba soketi zote za hosteli zina pasi zinazochemka kwa wakati mmoja.

Sasa waya. Revit inachagua unene wa waya kwa ukubwa wa breka, si kwa mzigo. Breka inayokuja yenyewe ni ampia 20, kwa hiyo saketi ya taa tuliyozoea kuifunga breka ya 6 au 10 na waya wa milimita 1.5 za mraba itatoka na waya mnene zaidi. Badilisha "Rating" ya kila saketi, au ubadilishe ya kuanzia kwenye mipangilio. Kama jedwali linakuandikia waya kwa namba za AWG (vipimo vya waya vya Marekani), bado uko kwenye jedwali la Kimarekani.

Soketi za ringi, ambazo waya wake huzunguka soketi zote na kurudi kwenye DB, ni kesi nyingine. Kwa kuwa tunatumia soketi za Kiingereza za pini tatu za bapa, ringi ya waya wa 2.5 kwenye breka ya 32 ni jambo la kawaida kwetu. Revit haijui ringi. Inaona breka ya 32 na waya mmoja unaokwenda bila kurudi, kwa hiyo inakupa waya mnene zaidi. Hilo si kosa lako, na usipunguze breka ili kuidanganya, kwa sababu jedwali litapelekwa kwa fundi naye atafunga breka uliyoandika. Ongeza kipimo chako cha maandishi kwa kundi la Electrical Circuits, andika "2 × 2.5 ringi", na ukionyeshe hicho kwenye jedwali la DB badala ya kile cha programu.

Unene ukikua kwenye saketi moja ndefu peke yake, ni upotevu wa volti. Revit ina kikomo chake cha asilimia 3 kwa saketi za mwisho, wakati kanuni za umeme za Uingereza, BS 7671, zinatoa 3 kwa taa na 5 kwa matumizi mengine. Kabla ya kubadili kikomo, angalia urefu. Toleo la 2018 na yaliyofuata yana "Edit Path": chagua saketi, ifungue, utaona njia ambayo programu inadhani waya unapita. Mara nyingi inajumlisha vifaa vyote au inapita juu kuliko dari lako. Irekebishe njia kwanza. Na joto la mazingira liko kwenye mipangilio ileile ya Wiring. Waya unaopita chini ya bati Dar es Salaam mchana wa Februari hauko kwenye nyuzi 30.

Jedwali lenyewe

Jedwali likikataa saketi mpya kwa madai ya kukosa nafasi, kipimo cha "Max #1 Pole Breakers" cha DB kimefikia mwisho. Saketi ya fezi tatu inakula nafasi tatu, ndiyo maana DB ya nafasi 12 inaisha upesi kuliko ulivyotegemea. Namba za mtindo wa 1,3,5 ni za DB za Marekani zenye safu mbili. Badilisha "Circuit Naming" iwe kwa fezi, na kwenye mipangilio uzipe fezi majina ya L1, L2, L3, au R, Y, B kama ofisi yako bado inayatumia. Mzigo ukielemea fezi moja, "Rebalance Loads" inasaidia, ila hufanya hivyo kwa kuhamisha saketi. Zile ambazo tayari umeziandika kwenye plani zifunge mahali pake kwanza, la sivyo plani na jedwali vitasema mambo mawili.

Inasema mtu mwingine ameishika

Kwenye faili la pamoja, kufunga saketi moja kunaishika na DB inayoilisha. Mwenzako akiwa anagusa soketi za ghorofa ya tatu zinazolishwa na DB hiyohiyo, wewe wa ghorofa ya kwanza utazuiwa. Mwombe asawazishe na kuachia alivyoshika, kisha nawe usawazishe upate hali mpya. Kama amekwenda kula na kompyuta ameiacha wazi, endelea na DB nyingine hadi arudi.